Huduma ya kuunganisha vidole Malindi, kwa macho ya mtu wa Lamu

Nilifanya kazi ya uuguzi kwa miaka mingi, sehemu kubwa yake ndani ya chumba cha upasuaji, na nilistaafu nikiwa bado naamini kwamba kidole kikishaachana na mkono kilichobaki ni kukifukia. Miezi minane iliyopita mtoto wa kaka yangu, fundi wa mbao mwenye umri wa miaka 19, alikatwa na msumeno wa umeme katika karakana moja mjini Lamu, na siku hiyohiyo akafikishwa Malindi, kwenye kitengo kipya cha hospitali moja ya binafsi ambacho kazi yake ni kuunganisha vidole na mikono iliyokatika. Hospitali hiyo sitaitaja jina, kwa kuwa ninayo ya kuisifu na ninayo ya kuilalamikia, na si haki kumlaumu mtu kwa jina lake hadharani hali yeye hajapewa nafasi ya kujibu. Mpwa wangu ameniruhusu nieleze habari zake mradi nisimtaje yeye pia.

Sifa ya kwanza haihusu darubini wala daktari. Inahusu karatasi. Miezi kadhaa kabla ya ajali, watu wawili wa kitengo hicho walivuka kuja Lamu wakazunguka katika karakana za mbao, kwa mafundi wa majahazi kule Matondoni, na kwenye vituo vya kuteremshia samaki, wakiacha kila mahali kadi ngumu iliyoandikwa kwa Kiswahili chepesi, yenye namba ya simu kwa maandishi makubwa na maelezo ya nini kifanyike mtu akikatika kidole. Niliiona kadi hiyo imepigwa misumari ukutani, nami nikaicheka. Nilidhani ni njia nyingine ya kutafuta wateja.

Siku ya ajali ilikuwa saa 4 na robo asubuhi. Kijana alikuwa akipasua mbao ya mninga kwa ajili ya miimo ya mlango, mbao ikaruka, na msumeno ukaondoa kidole gumba cha mkono wa kulia pamoja na cha shahada. Mzee mmoja wa karakana, kwa nia njema kabisa, aliviokota vile vipande, akavisuuza, akaanza kuviviringisha kwenye kitambaa cheupe ili vikazikwe, kama ilivyo desturi yetu kwa kiungo kilichotengana na mwili wa aliye hai. Mwingine alikuwa tayari ameshika unga wa kahawa aumwagie kwenye jeraha. Aliyewazuia wote wawili ni mwanafunzi wa karakana, mtoto wa miaka 16, ambaye kwa kukosa la kufanya siku zisizo na kazi alikuwa ameisoma ile kadi mara nyingi mpaka akaihifadhi.

Maelezo ya kadi nimeyapima kwa jicho la muuguzi na sikuona kosa. Jeraha linafunikwa kwa kitambaa safi na kukandamizwa kwa nguvu, mkono ukiinuliwa juu. Kamba ya kubana mkono haitumiki ila damu ikikataa kabisa kusimama. Kipande kilichokatika kinasuuzwa kidogo bila kusuguliwa, kinafungwa kwa chachi au kitambaa safi kilicholowa maji ya dripu ya chumvi, kinatiwa ndani ya mfuko wa nailoni usiopitisha maji, kisha mfuko huo unawekwa ndani ya chombo chenye barafu iliyochanganywa na maji. Kipande chenyewe hakigusi barafu. Hakitiwi kwenye friza, wala hakilowekwi kwenye spiriti, mafuta ya taa au maziwa. Vipande vyote vinaletwa, hata kile kinachoonekana kimeharibika, kwa sababu ngozi yake, neva yake au mshipa wake unaweza kutumika kutengeneza kingine. Mgonjwa halishwi wala hanyweshwi kitu, na saa ya ajali inaandikwa.

Sharti la kutogusa barafu ndilo ambalo watu hulikosea zaidi, nao hulikosea kwa sababu wanadhani baridi ikizidi ndiyo hifadhi ikizidi. Kipande kikiganda, maji yaliyomo ndani ya chembe zake yanageuka vipande vya barafu vyenye ncha, vinavyopasua kuta za mishipa midogo, na mshipa uliopasuka hivyo haushoneki. Mchuuzi yeyote wa samaki hapa kwetu anaijua tofauti kati ya changu aliyelazwa kwenye barafu na maji na changu aliyegandishwa akawa jiwe kisha akayeyuka akawa uji. Na kwa kweli kasha tulilotumia lilikuwa la mchuuzi wa samaki, aliyelimwaga lote chini bila kuuliza bei ya samaki wake.

Namba ya kwenye kadi ilipigwa na ikapokewa papo hapo na muuguzi, wala haikuwa sauti ya mashine. Aliuliza saa ya ajali, vidole gani, vimekatika wapi, ukingo wa jeraha ni safi au umesagika, na kama mgonjwa ana kisukari au anavuta sigara. Akataka picha za mkono na za vipande vyote viwili kwa WhatsApp. Kabla hatujamaliza kumfunga kijana vizuri, jibu lilikuwa limerudi: gumba watalijaribu, cha shahada hawaahidi, na njooni na vyote. Katika miaka yangu ya kazi nilizoea rufaa ambayo mgonjwa anafika mlangoni na mapokezi hawana habari naye. Hapa daktari alikuwa ameshauona mkono tungali kwenye gati la Lamu.

Kwa nini saa zina uzito namna hii, na kwa nini zinatofautiana, ni jambo ambalo mwenye kuishi kisiwani anapaswa kulijua. Kidole hakina nyama ya msuli. Kina mfupa, kano, ngozi, neva na mishipa, na vitu hivyo huvumilia kukosa damu kwa muda mrefu. Katika joto la kawaida kidole huhesabiwa kuwa na saa 12 hivi, na kikihifadhiwa kwenye ubaridi ufaao kinaweza kufikia saa 24. Mkono uliokatika juu ya kiwiko au katikati ya kigasha una misuli, na misuli hufa haraka: saa 6 katika joto, na pengine 10 hadi 12 kwenye ubaridi. Tena msuli uliokufa ukirudishiwa damu unamwaga potasiamu na sumu nyingine mwilini, ambazo zinaweza kusimamisha moyo au kuziba figo, hivyo anayelazimisha kuunganisha mkono uliochelewa anaweza kumpoteza mwenye mkono. Kwa mtu wa Lamu maana yake ni kwamba kidole kinaweza kusafiri kwa barabara. Mkono mzima unahitaji ndege kutoka Manda, na ndege haisubiri ajali. Kadi ya kitengo inalisema hili waziwazi, na inasema pia kwamba kwenye ajali kubwa roho ndiyo ya kwanza, kiungo baadaye. Nimeliheshimu hilo.

Hospitali ya kwanza tuliyopita Lamu ilifanya kazi yake bila kupoteza muda: dripu, dawa ya maumivu, antibayotiki, sindano ya pepopunda, na eksirei ya mkono pamoja na ya vile vipande. Tukavuka Mokowe kwa boti ya mwendo wa kasi, na saa 6 kasorobo ambulensi ikaondoka. Kutoka Mokowe hadi Malindi ni zaidi ya kilomita 200, kwa njia ya Hindi, Nyongoro, Witu, Minjila na Garsen, na aliyeipita njia hii kabla haijatiwa lami ataelewa kwa nini nilimshukuru Mungu kila tulipopita sehemu iliyokuwa ya matope. Kwenye vizuizi vya polisi tulisimamishwa mara chache tu. Saa 10 na dakika 10 alasiri tulikuwa mlangoni pa hospitali.

Hapo ndipo lalamiko langu la kwanza linapoanzia. Muuguzi wa simu alikuwa amesema chumba kiko tayari, na kilikuwa tayari. Mimi mwenyewe nilipita nikawaona wamevaa. Lakini karani wa malipo alituzuia kwa dakika 40 akidai amana, jambo ambalo halikutajwa kwenye simu wala kwenye kadi. Kadi ya SHA, bima iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, aliiangalia, akairudisha, akasema itashughulikiwa baadaye. Kaka yangu alisimama pale na kasha la samaki mkononi, barafu ikiyeyuka, akipiga simu kwa jamaa mmoja baada ya mwingine ili pesa zitumwe. Kitengo kinachowafundisha mafundi wa mbao kuandika saa ya ajali hakijamfundisha karani wake kutazama saa. Daktari aliposikia alishuka mwenyewe akatuchukua, lakini huduma inayohitaji daktari ashuke ngazi kumnyang'anya karani mgonjwa haijakamilika kupangwa.

Baada ya hapo ninayo sifa ninayoiweka juu ya zote, nayo ni kwamba daktari alikataa. Alitia vipande vyote viwili chini ya darubini, kisha akatuita mimi na kaka yangu akatuonyesha picha kwenye kioo. Gumba lilikuwa limekatika mahali pamoja, katikati ya mfupa wa kwanza. Kidole cha shahada kilikuwa kimekatika mahali pawili, kimesagika kwenye kiungo, na mshipa wake ulikuwa umejisokota kama utepe, dalili kwamba ulivutwa kwa nguvu na kuta zake zimechanika kwa ndani hata pale ambapo kwa nje unaonekana mzima.

"Mama," aliniambia, baada ya kaka kumweleza kwamba nilikuwa muuguzi, "hiki naweza kukishona na pengine kikaishi. Lakini kitakuwa kijiti kisichokunjika na kisichohisi, na baada ya mwaka atarudi kuniomba nikikate kwa sababu kinamzuia kushika patasi."

Akafafanua kwamba kidole cha shahada kikikosekana, cha kati hukichukulia kazi yake, na mtu huzoea. Gumba halina wa kulichukulia. Katika mafunzo ya upasuaji wa mkono, gumba peke yake huhesabiwa karibu asilimia 40 ya kazi ya mkono wote, kwani bila kitu cha kukabiliana na vidole vingine hakuna kushika wala kubana. Ndiyo maana madaktari wa kazi hii hulijaribu gumba karibu kila linapowezekana, hujaribu vidole vingi vikikatika pamoja, hujaribu karibu chochote kwa mtoto mdogo, na husita mbele ya kidole kimoja kilichokatika karibu na shina. Hospitali changa yenye kitengo kipya inapenda kusema imeunganisha vidole viwili, si kimoja. Hawa walichagua kimoja. Kaka yangu alinyamaza kwa muda, akaniangalia, nikaitikia kwa kichwa.

Upasuaji ulifanywa kwa ganzi ya kwapani, ambayo mbali na kuondoa maumivu huifanya mishipa ya mkono itanuke na kupitisha damu vizuri zaidi. Madaktari walikuwa wawili. Mmoja alikaa mkononi na mwingine kwenye meza ya pembeni na lile gumba, kila mmoja akitafuta na kuweka alama kwenye ncha za neva na mishipa upande wake, ili watakapokutana wasianze kutafutana. Niliruhusiwa kutazama kwa muda kupitia dirisha. Mfupa hufungwa kwanza kwa pini za chuma, kisha kano za kunyoosha, kisha za kukunja, halafu ateri, yaani mshipa unaoleta damu, neva, vena, yaani mshipa unaoirudisha, na ngozi mwishoni. Mfupa ulibidi ufupishwe kidogo, kwa sababu msumeno hula mbao kwa upana wa jino lake, na mfupa huula vivyo hivyo. Hata baada ya kuufupisha, ateri haikufika pande zote mbili, na hapo kile kidole kilichokataliwa kikatoa mchango wake: walikata kipande cha mshipa wake, sehemu iliyobaki nzima, wakakitumia kuwa daraja.

Ateri ya kidole ina upana wa milimita moja hivi, pengine chini yake. Uzi unaoishona una unene wa takriban sehemu 2 katika 100 za milimita, na unywele wa mtu ni mnene kuushinda mara kadhaa. Sindano yake hushikwa kwa koleo ndogo, na mkono ukitetemeka kiasi cha kutoonekana kwa macho, chini ya darubini unaonekana kama jahazi kwenye mkondo wa Shela. Kushona ni nyuzi sita au nane kuzunguka mshipa mmoja. Moja ikishika ukuta wa pili kwa bahati mbaya, mshipa unaziba na kazi inarudiwa.

Muda mfupi baada ya isha stimu zikakatika, kama zinavyokatika Malindi. Nilisikia jenereta likianza kunguruma baada ya sekunde kadhaa, lakini kupitia dirisha sikuona taa ya darubini ikizima, wala daktari hakuinua kichwa. Baadaye niliambiwa darubini na mashine ya ganzi vina betri zao, zilizonunuliwa kabla hata ya vitanda vya kitengo. Mpangaji wa huduma hii alikuwa mtu aliyeishi Pwani.

Karibu saa 3 usiku waliachia kibanio kilichokuwa kimeizuia damu, na gumba lililokuwa na rangi ya nta likaanza kuwa na wekundu kutoka shinani kwenda nchani. Zilikuwa zimepita saa 10 na zaidi tangu msumeno. Kazi ya vena, neva na ngozi iliendelea mpaka saa 6 na nusu usiku.

Wapo Lamu walioliita jambo hili muujiza, na wapo walioniambia mpwa wangu amefanyiwa majaribio. Majibu kwa wote ni mamoja. Mwaka 1962 madaktari wa Boston, Marekani, wakiongozwa na Ronald Malt, walimrudishia mkono mtoto wa miaka 12 aliyekatwa na treni. Mwaka uliofuata Chen Zhongwei na wenzake wa Shanghai wakafanya vivyo hivyo kwa mfanyakazi wa kiwanda. Mwaka 1965 huko Nara, Japani, Komatsu na Tamai waliunganisha gumba lililokatika kabisa kwa kushona mishipa yake chini ya darubini. Na hapa kwetu Kenya, mwaka 2018, madaktari wa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta walimrudishia mkono kijana wa miaka 17 aliyekatwa na mashine ya kukatia majani ya ng'ombe. Gumba la mpwa wangu limekuja karibu miaka 60 nyuma ya lile la Nara. Kwa hiyo swali la kuwauliza Malindi ni kama wataweza kuifanya kazi hii wiki hadi wiki, mwaka hadi mwaka, kwani uwezekano wenyewe ulishathibitishwa zamani.

Kwenye swali hilo nina wasiwasi. Ufundi huu hupotea usipotumika, na hospitali zinazopokea wagonjwa wengi wa aina hii hupata matokeo mazuri kuliko zinazopokea wachache. Malindi haiwezi kuwa na ajali nyingi kiasi hicho, wala hatuziombei. Daktari alinionyesha wanachofanya kuziba pengo: chumba kidogo chenye darubini ya mezani, na kwenye friji mapaja ya kuku kutoka sokoni, ambayo mishipa yake inakaribiana kwa upana na ya vidole vya mtu. Kila wiki kila mmoja wao anashona na kukata, anashona na kukata. Nilimuuliza nini hutokea mmoja wao akienda likizo. Alijibu bila kuzunguka kwamba huduma husimama, na muuguzi wa simu humwambia mpigaji aende Mombasa moja kwa moja asipoteze saa kupitia kwao. Jibu lilinipendeza kwa ukweli wake ingawa halikuniridhisha. Huduma ya watu wawili ni huduma ya homa moja.

Siku za wodini zilikuwa ngumu kuliko usiku wa upasuaji. Chumba kinawekwa chenye joto, bila feni wala kiyoyozi, kwa sababu ubaridi huibana mishipa. Sigara imekatazwa kwa mgonjwa na kwa anayemtembelea, miraa imekatazwa, na kahawa imekatazwa pia. Wazee wetu waliokuja kutoka Lamu na buli lao walirudishwa mlangoni wakiwa wameshika vikombe, wakanuna, nami sikuwatetea. Kila saa muuguzi anapaswa kutazama rangi ya gumba, kupima joto lake, na kubonyeza ncha yake aone damu inarudi kwa sekunde ngapi. Mbili ni nzuri. Ikirudi polepole mno, ateri inaziba. Ikirudi upesi kupita kiasi na rangi ikawa ya zambarau, damu inaingia lakini haitoki.

Usiku wa pili kulikuwa na muuguzi mmoja kwa wodi nzima, na karibu saa 3 zikapita bila yeyote kufika kitandani. Hili ndilo lalamiko langu zito zaidi, na ninalisema nikimhurumia muuguzi yule kwa sababu nami nimewahi kuwa peke yangu usiku na wagonjwa ambao mtu mmoja hawamudu. Niliyeona gumba likigeuka zambarau ni mimi, shangazi mwenye kiti cha plastiki. Mgonjwa asiye na shangazi muuguzi angeamka na kidole kilichokufa. Kitengo kilichonunua betri za darubini kinaweza kumnunulia muuguzi wa pili zamu ya usiku kwa siku tano za mwanzo. Bila huyo, ile kazi ya saa saba inaning'inia kwenye usingizi wa mtu mmoja.

Daktari alipoitwa alifika kwa haraka. Alitoa ukucha, akaweka chachi iliyolowa heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, kwenye kitanda chake, akaiacha damu itiririke kidogokidogo ili gumba lipumue mpaka vena mpya zijifungue zenyewe. Kwenye nchi nyingine kazi hii hupewa ruba, hawa hawa wa madimbwini, waliofugwa katika maji safi. Marekani ilimwidhinisha ruba kuwa kifaa cha tiba mwaka 2004. Mate yake huzuia damu isigande, naye hunyonya ile iliyokwama. Malindi hawana ruba wa namna hiyo, na nilipomtania daktari kwamba bara kwetu tunaweza kumletea ndoo, alinijibu kwa uso mkavu kwamba ruba wa dimbwini huja na vijidudu vyake. Baada ya siku tatu rangi ilitulia.

Kidole cha shahada tulikabidhiwa kabla hatujaomba, kikiwa ndani ya chachi safi na kifuko, na fomu ya kutia sahihi. Kaka yangu alikirudisha Lamu, kikazikwa kando ya kaburi la babu yake. Kwa hospitali hilo ni jambo dogo. Kwa nyumba yetu halikuwa dogo.

Kuhusu gharama nitasema machache. Bima ililipa sehemu, familia ikachangishana iliyobaki, na hesabu ya mwisho ililetwa kwenye karatasi moja isiyo na mchanganuo, mpaka tulipoidai mara mbili. Anayekwenda pale adai mchanganuo siku ya kwanza.

Lalamiko la mwisho ni la tiba ya viungo. Gumba lililoungana ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kulifundisha kukunjika kabla kano hazijashikana na makovu. Hilo hutaka mtaalamu wa mazoezi, banzi la kutengenezwa kwa kipimo cha mkono, na miezi ya subira. Kitengo kina mtaalamu mmoja, hodari kweli, anayefika siku moja tu kwa wiki. Kwa mtu wa Malindi hilo linavumilika. Kwa mtu wa Lamu ni nauli ya basi kwenda na kurudi, na siku mbili za kazi zilizopotea kwa dakika 40 za mazoezi.

Matokeo leo ni haya. Gumba ni fupi kidogo kuliko la kushoto na kiungo chake cha juu kinakunjika kwa shida. Neva hukua karibu milimita moja kwa siku, na hisia zimefika nchani. Anatofautisha msasa na mbao iliyokwisha kupigwa randa akiwa amefumba macho, na moto aliuhisi kabla haujamchoma. Ubaridi unamsumbua. Asubuhi za Julai, kusi ikivuma, gumba linauma na kuwa la kijivu, naye analivalisha soksi ya mtoto. Anashika patasi. Nakshi nyembamba za fremu za juu bado hawezi, na fundi wake amempa kazi ya miimo na mbao za kati.

Nimeiandikia hospitali barua nikiomba mambo matatu: amana itajwe kwenye simu ya kwanza, zamu ya usiku iwe na muuguzi wa pili, na yule mtaalamu wa mazoezi afike Lamu walau mara moja kwa mwezi, kwani kadi zao zilishavuka maji na wagonjwa wao watafuata. Walijibu kwamba la amana limerekebishwa, nami nimelithibitisha kwa kupiga ile namba na kuuliza kama mtu nisiyewajua. Mawili yaliyobaki sijajibiwa. Mpwa wangu bado anapanda basi la asubuhi Mokowe kila Alhamisi ya pili.